Mtihani wa Epifania

Zahanati, nje ya Matai
9 Mei 1994

Mwalimu wangu Sada,

Umenikataza kuanza barua kwa kusema "natumaini u mzima wa afya kama nilivyo mimi". Ukasema kila barua ya Rukwa inaanza hivyo, hata mwandishi akiwa hoi kitandani. Basi nimeacha. Ila imeniuma, maana ndiyo sentensi pekee niliyokuwa naiandika bila kusita.

Zoezi la sita limo humu ndani. Barua namwachia mtu wa mashine ya kusaga, kaka yako Abuu ataichukua akipita na Isuzu kutoka Kasanga.

Hapa zahanati siku hizi zinaletwa dawa za kila nchi. Zamani tulikuwa na makopo machache, tunayajua kwa sura. Tangu biashara ifunguliwe maboksi yanakuja na rangi zote, na maandishi ni Kiingereza kitupu. Mganga akiwepo anasoma. Akisafiri tunayatazama tu, mimi na wagonjwa, na mwenye koti jeupe ni mimi. Nimechoka kuwa mhudumu wa kufagia na kukodoa macho. Ndiyo maana siku ile nilipoingia dukani kwa mzee Huseni kuulizia kitabu cha Kiingereza, ukacheka, sikuondoka. Nilijiambia, huyu anayecheka hivi ameshasoma.

Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi cha Mbeya ni Novemba, unafanyika hapa hapa misheni. Jina langu masista wameshaliandika. Wanapokea hata watu wazima kama mimi, mradi mtu afaulu Kiingereza cha kuandika na cha kuzungumza. Nikishindwa mwaka huu umri utakuwa umenipita.

Mdogo wangu Kristiana anakusalimu. Ndiye anayelea wanangu, Flavian, Herieth na Angela, ili mimi niende kazini. Nikisoma masomo yako kwa sauti jikoni, yeye anayarudia huku anasonga ugali, na watoto wanacheka mpaka wanapaliwa. Baridi imeanza. Nina kikohozi kidogo.

Mwanafunzi wako mzee,
Epifania


Mazwi, Sumbawanga
23 Mei 1994

Dada Epifania,

Shikamoo. Haya, nimekusalimia kwa heshima, sasa nikugombeze.

Zoezi la sita umefanya vizuri kuliko yote, na mwandiko umenyooka ajabu. Uliketi mezani siku hiyo? Kaa hivyo hivyo. Lakini bado unaogopa wakati uliopita. Kila kitu kwako kinatokea leo: mama yako anazaliwa leo, shule unamaliza leo. Mambo yaliyokwisha uyaache yaishe, dada yangu. Masista watakuuliza, "Tueleze habari zako," na hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Jizoeze kila siku kujieleza kwa sauti: mimi ni nani, nilizaliwa wapi, nataka nini.

Uliwahi kuniuliza kwa nini nakusumbukia. Nilimaliza kidato cha sita Tabora na alama zangu safi, nikarudi nyumbani, baba akanionyesha kiti nyuma ya kaunta. Kiingereza changu kinasoma maboksi ya sabuni za nje. Barua yako ikija, siku hiyo mimi ni mwalimu. Usinicheke.

Kikohozi hicho kitazame. Nyanda zetu hizi baridi yake haina adabu.

Wako,
Sada Huseni


Mazwi, Sumbawanga
12 Julai 1994

Kwa Bi Albina na familia yote,

Shikamoo mama. Mimi ni Sada, niliyekuwa nikimfundisha Kiingereza mwanao Epifania kwa barua. Jana kaka yangu Abuu amerudi na kusema pale Matai ameambiwa kwamba yule dada wa zahanati amefariki kwa kichomi na ameshazikwa.

Nilikuwa nimemwandalia zoezi la nane, nimelikalia hapa sijui nilipeleke wapi. Nilimwona kwa macho mara moja tu, lakini mwaka mzima hakuna mtu niliyezungumza naye kama yeye. Poleni sana. Mungu awape subira, na wale watoto awalinde.

Mwanao,
Sada


Zahanati, nje ya Matai
6 Agosti 1994

Mwalimu wangu Sada,

Nimepokea barua uliyompelekea mama. Hajui kusoma, nimemsomea mimi.

Nipo. Usiamini kila linalosemwa barabarani. Nilichelewa kuandika kwa sababu nyumba ilikuwa na watu wengi, sasa wameondoka. Zoezi la saba nimelimaliza na limo humu. Lile la nane ulilosema umelikalia, nitumie, na la tisa. Mtihani haupo mbali.

Ninajizoeza kujieleza kama ulivyoniagiza. Ninasimama nyuma ya nyumba na kusema kwa Kiingereza, naitwa Epifania, ni mama wa watoto watatu. Watoto wananisikiliza. Angela haniachi hata nikienda kisimani, ananishika kitenge na kuniita mama, mama, bila kuwa na haja yoyote, anataka tu niitike.

Nguo zangu zimekuwa ndefu kidogo. Nimezikunja kwa uzi. Viatu vimenikaa vizuri.

Kikohozi kimerudi.

Mwanafunzi wako,
Epifania


Mazwi, Sumbawanga
20 Agosti 1994

Dada Epifania, dada yangu uliye hai,

Sitaficha: barua yako ilipofika sikuifungua. Niliiweka chini ya mzani, nikaendelea kuuza sukari. Mama yangu, Munira, alipoona jina juu ya bahasha alinyanyuka akaifunika kwa khanga yake. Akasema, "Mwanangu, unaandikiana na nani?" Wewe unajua nilivyo. Wageni wakija hapa na kuanza kunong'ona kwamba Sumbawanga ni mji wa mambo ya kichawi, huwa nawauliza kama wanataka kiberiti au wanataka mambo. Lakini juzi nilikosa la kuchekea.

Nikamtuma Abuu. Nikamwambia, simamisha gari, ingia mpaka uani, uangalie kwa macho yako. Amerudi jana. Anasema amemkuta mwanamke anafagia, akaita, "Dada Epifania," yule akageuka na kuitika. Anasema ni wewe ingawa umekonda, na yeye alikuwa amekuona mara mbili tu, tena akiwa juu ya gari. Kisha mama yako akampeleka kaburini atoe pole. Msalaba bado mpya, na jina lililoandikwa ni Kristiana.

Nimelia tena, safari hii kwa furaha, na furaha hiyo naionea aibu. Kumbe waliomwambia Abuu walichanganya. Ni mdogo wako aliyefariki, yule aliyekuwa akirudia masomo yangu jikoni, na wewe umeniandikia bila hata kumtaja. Ndiyo msiba ulivyo, unamfunga mtu mdomo. Pole sana, dada yangu. Pole kwa kuondokewa na Kristiana. Sikuwahi kumwona, lakini kila barua alinisalimu. Mungu amlaze mahali pema.

Zoezi la nane na la tisa haya hapa. Fanya taratibu.

Sada wako


Zahanati, nje ya Matai
4 Septemba 1994

Dada Sada,

Barua yako ya rambirambi nimeisoma. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia pole kwa kufa kwangu.

Mimi ni Kristiana. Aliyefariki ni dada Epifania, kwa kichomi, mganga akiwa safarini. Maboksi ya dawa yalikuwepo kabatini. Niliyasoma yote kwa ule uchache niliojifunza jikoni, neno kwa neno, na nilipolipata lililofaa alikuwa ameshaacha kuomba maji.

Nieleze ilivyokuwa, usije ukadhani nilitaka kukuchezea. Kwetu jina la marehemu haliachwi bila mtu. Matanga yakiisha, wazee wanamketisha ndugu mmoja mkekani, wanampaka unga, wanampa nguo ya marehemu na jembe lake, wanamwita kwa jina lile. Hapo anakuwa na majina mawili, anaheshimiwa, watoto wa marehemu wanapata wa kumkimbilia. Mimi niliketishwa, na sikuona vibaya. Watoto wale nimewabeba mgongoni tangu wachanga.

Ila mama alivuka mpaka. Katekista alipokuja na ubao wa msalaba kuuliza jina la kuandika, mama akasema, "Andika Kristiana." Katekista ni mgeni kutoka Kasanga, hakujua, akaandika, na paroko naye akaingiza hivyo hivyo kwenye kitabu cha mazishi. Wazee walimwita mama pembeni. Akawajibu kwamba jina la Epifania limeshaandikwa chuoni kwa wino, haliwezi kushuka kaburini kabla ya mtihani wake. Akasema, "Kristiana hakuandikwa popote." Ni kweli, sikuandikwa popote. Nilimaliza darasa la saba, nikachaguliwa kwenda sekondari, nikabaki nyumbani kumlelea dada watoto.

Wazee wakaondoka, hawajarudi kula kwetu. Tangu siku hiyo hakuna anayetamka jina langu. Jirani mmoja alisahau akaniita Kristiana kisimani, wenzake wakamziba mdomo, wakamwaga maji ya ndoo yake. Shemeji yangu Wilibrodi, mume wa dada, amehamia kwa kaka yake, akija kuwaona watoto anazungumza akitazama ukuta. Wagonjwa wanakuja nyumbani wakisema, "Epifania, mkono wangu huu uliousafisha mwezi ule," nao nauona mkono, na nakumbuka kidonda nisichowahi kukiona. Kinachonitisha zaidi ni kikohozi. Mimi sikuwa na kikohozi. Nakohoa kama yeye, mara tatu halafu kimya, na mama akisikia anatabasamu huko jikoni.

Jioni nikipita makaburini nasoma jina langu. Lina maua. Mama huyabadilisha.

Barua ile ya Agosti niliandika nikidhani labda ndivyo ilivyo, labda mimi ndiye yeye. Uliponipa pole ndipo nilipohisi uchungu, na aliyeuhisi uchungu ule alikuwa mimi.

Kristiana


Mazwi, Sumbawanga
11 Septemba 1994

Kristiana, kama ndilo jina lako,

Nimemzika mtu mara mbili katika miezi miwili. Mlinipa maiti, mkanipa aliye hai, mkanipokonya tena. Sijui mnataka nini kwangu.

Mama yangu hataki karatasi yoyote ya huko iingie nyumbani. Mimi mwenyewe kila bahasha ninayoiona naangalia kwanza mwandiko. Tafadhali usiniandikie.

S. Huseni


Zahanati, nje ya Matai
28 Septemba 1994

Dada Sada,

Nimekuandikia, nisamehe. Namwachia Abuu aamue kama atakupa.

Zoezi la nane na la tisa ninayarudisha yakiwa yamekamilika, usije ukasema nimekula na kuondoka. Uyaweke pamoja na lile la sita, utazame mwandiko. Mwezi Mei dada alikuwa anatetemeka kwa homa asiweze kushika kalamu, akanisomea maswali nami nikaandika, majibu yangu mwenyewe. Uliposema umependezwa alicheka, akaniambia, "Mwalimu amekusifu wewe." Siku ile nilifurahi mpaka nikaunguza ugali. Kwa hiyo wewe hunijui, lakini umeshanisahihisha.

Nilikwenda kwa paroko kuomba cheti changu cha ubatizo, nijiandikishe kwa mtihani kwa jina langu. Ni mzee, macho yake hayaoni mbali. Alifungua kitabu, akafuata mstari kwa kidole, akaniambia kwa huruma, "Mwanangu, huyu unayemtafuta amefariki mwezi wa Juni. Tulimzika sisi wenyewe." Nikasema, Baba, ni mimi. Akaniwekea mkono kichwani akaniombea. Akasema mama amwendee yeye mwenyewe, na mama hataki.

Mtihani ni mwezi wa Novemba. Nikienda kama Epifania nikafaulu, nitakuwa Epifania mpaka siku ya kufa, na Kristiana atabaki pale chini na maua yake. Nisipokwenda, nitabaki hapa hapa kuwa Epifania. Nishauri. Sina mtu mwingine ninayeweza kumuuliza kwa jina langu.

Kristiana


Mazwi, Sumbawanga
13 Oktoba 1994

Mdogo wangu Kristiana,

Nimeyaweka mazoezi matatu juu ya kaunta, nikayatazama siku nzima. Ni mkono mmoja. Huo mkono ndio niliousifu. Nimeona haya kwa barua yangu ile, na sitairudia.

Nikushauri kama mtu wa dukani. Nchi hii watu wangapi wanasoma kwa majina ya watu? Yupo aliyechukua cheti cha binamu yake, yupo daktari ambaye wazazi wake wanamwita jina jingine kabisa akirudi likizo. Hawajafa. Nenda na jina la dada yako, fanya mtihani, faulu, vaa kofia ya uuguzi, mengine yatafuata. Masista wanahesabu makosa, hawahesabu majina.

Hayo ni ya dukani. Sasa ya moyoni. Nilipoketi kuandika hapo juu niliona kalamu inakimbia kwa furaha, nikaiuliza inafurahia nini. Inafurahi kwamba nitaendelea kuandika "Dada Epifania" juu ya bahasha. Kumbe na mimi ni kama mama yako. Namtaka arudi, na sijali sana atarudi ndani ya nani. Nimelia na kuogopa kwa pamoja.

Kwa hiyo ushauri wangu usiufuate kabla ya kuupima. Mimi naweza kukuandaa kwa Kiingereza tu. Kila siku simama nyuma ya nyumba useme kwa Kiingereza: naitwa Kristiana, nimemuuguza dada yangu, nataka kujua kusoma dawa. Huko kwenu hakuna anayekijua hicho Kiingereza. Kitumie kama chumba chenye mlango, ingia humo useme jina lako mpaka ulizoee.

Nimekutumia pia karatasi za maswali ambayo muuguzi humuuliza mgonjwa. Sikia nilivyosikia: mwaka jana masista waliwataka waombaji watafsiri. Mtu anakuja na mzazi wake, sista anauliza kwa Kiingereza, mwombaji anamuuliza mzazi kwa lugha ya nyumbani, kisha anarudisha jibu. Wanasema ndiyo kazi yenyewe ya wodini.

Sada


Zahanati, nje ya Matai
24 Novemba 1994

Dada Sada,

Nimefanya. Nakuandikia nikiwa bado na vumbi la njiani.

Mtihani wa kuandika haukuwa mgumu kuliko wako. Pale juu ya karatasi niliandika Epifania, maana ndilo lililoitwa mlangoni, na nilipoitwa niliitika kabla sijaamua kuitika. Mkono uliandika wenyewe. Nilikohoa mara tatu, msimamizi akaniletea maji.

Baadaye ikaja zamu ya usaili, na ilikuwa kama ulivyosema. Mama aliingia na mimi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi, amenyooka, anafurahi jinsi alivyofurahi siku dada alipopata kazi. Sista mkubwa ni Mzungu, mpole, anazungumza Kiingereza taratibu. Pembeni aliketi sista wa huku kwetu anayejua Kifipa, kazi yake kusikiliza kama tunapunguza au kuongeza neno. Yeyote atakayedanganya katika kutafsiri ameshindwa, walisema, kwa sababu mgonjwa anaweza kufa kwa neno lililopunguzwa.

Mama aliulizwa umri, nikatafsiri. Aliulizwa kama analala vizuri, nikatafsiri. Akaulizwa amezaa watoto wangapi. Mama akasema wawili. Nikatafsiri, wawili.

"Wote wapo hai?"

Nikamuuliza mama kwa Kifipa. Akatikisa kichwa. Nikasema, hapana, mmoja amefariki.

Sista akaandika, bila kuinua macho, kama wanavyoandika siku zote. Akasema, "Muulize ni yupi aliyefariki."

Dada Sada, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mama swali hilo. Wazee walimkaripia lakini hawakumuuliza. Paroko hakuuliza. Mimi ninayelala naye chumba kimoja sikuthubutu. Na sasa ilinibidi niliseme kwa mdomo wangu, kwa lugha yetu, nikimtazama. Nikasema, mama, ni yupi amekufa?

Mama akanitazama. Kwanza alitazama viatu, kisha kitenge nilichokikunja, kisha akapanda polepole mpaka usoni, na alipofika usoni niliona ametishika, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumbani kwake akamkuta mgeni ameketi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Unaniuliza wewe, au ananiuliza huyu Mzungu?"

Nikasema, tunakuuliza sote wawili.

Sista wa kwetu aliacha kalamu. Sista mkubwa akataka kwenda kwenye swali jingine. Ndipo mama akasema, "Epifania. Mwambie ni Epifania aliyekufa."

Nikageuka nikalitafsiri. Nililisema katika wakati uliopita, bila kukosea. Sista mkubwa akatazama karatasi yangu, akaona jina lililo juu yake, akanitazama mimi. Akaniuliza, "Na wewe ni nani?" Hilo halikuwa la kutafsiri. Nikajibu mwenyewe, yale yote niliyoyasema nyuma ya nyumba, na mama alikaa ananisikiliza bila kuelewa neno hata moja isipokuwa jina langu. Kila lilipopita aliinamisha kichwa.

Walitutoa nje. Walizungumza sana. Sista wa kwetu alikuja akasema jambo hili ni zito, watalipeleka kwa paroko, na sijui kama karatasi yenye jina la marehemu itahesabiwa. Nasubiri. Hata wasiponichukua, nimeshaulizwa.

Tulipofika nyumbani mama alipita moja kwa moja kwenda kaburini, akaondoa maua.

Kristiana


Zahanati, nje ya Matai
27 Desemba 1994

Dada Sada,

Wamenichukua. Paroko alikuja mwenyewe na kitabu chake, mama akaweka kidole gumba, majina yakarekebishwa. Masista wamesema karatasi ni ya mkono ulioandika. Nakwenda Mbeya mwezi wa Januari, kwa jina langu.

Nilidhani nitacheka. Ngoja nikueleze nyumba ilivyo. Msalaba ulipobadilishwa tuliwaeleza watoto, kwa mara ya kwanza, kwamba mama yao amekufa. Mwezi wa Juni hakuna aliyewaacha walie, kwa sababu mama yao alikuwepo, anawapikia. Sasa wamelia. Flavian amekwenda kwa baba yake bila kuniaga. Angela anakuja, ananishika kitenge, anafungua mdomo aite, halafu anakumbuka na kuufunga. Hajapata neno la kuniita. Nimemfia mtoto huyu nikiwa nimesimama mbele yake.

Mama naye haniiti. Jina la Epifania halitamki tena, na la Kristiana hawezi kulitamka. Akinihitaji anakuja kusimama nyuma yangu, ananingoja mpaka nigeuke. Wakati mwingine sijui amesimama pale tangu lini.

Kikohozi kimeisha. Lakini juzi alfajiri nilikisikia, mara tatu halafu kimya, na mimi nilikuwa nimefumba mdomo. Mama pia alikisikia, aliketi kitandani.

Nitapanda basi la Mbeya pale Sumbawanga Jumanne ya tarehe kumi. Abuu atanileta na Isuzu usiku wa kuamkia siku hiyo. Ningependa kukuona.

Kristiana


Mazwi, Sumbawanga
4 Januari 1995

Mdogo wangu Kristiana,

Barua hii anakuja nayo Abuu mwenyewe. Amepewa amri ya kukupakia mbele, si juu ya magunia.

Angela mwachie muda. Mwandikie kila mwezi, barua yake peke yake, kwa Kiswahili chepesi, na kila barua uisaini jina lako. Ipo siku atalisoma mwenyewe.

Baba amenitazama nilivyokuwa nikihangaika na barua hii, akauliza kuna nini. Nikamwambia nina mwanafunzi amefaulu. Akaniuliza kama wapo wengine wanaotaka kufundishwa, maana ghala la nyuma halina kitu msimu huu. Tutaona.

Jumanne nitakuwa stendi kabla hakujapambazuka, nimevaa baibui na sweta jekundu juu yake. Kutakuwa na ukungu na mabasi yatakuwa yanaunguruma, kwa hiyo nitaita. Nitaita Kristiana, kwa sauti ya kuuza nyanya, bila haya, na wewe itika popote ulipo. Nataka ulisikie likiitwa mbele za watu.

Ila Abuu ameshaniambia jinsi mnavyofanana, na mimi najijua. Nikikuona ghafla unatokea kwenye ukungu na kile kitenge, mdomo unaweza kunishinda nikaita jina la dada yako. Nikiita hilo, usigeuke. Hata ukisikia nalia, usigeuke. Panda basi.

Sada wako